Sklerostini: Protini inayodhibiti mifupa na ugumu wa kuipima katika damu

PROTINI ndogo inayotengenezwa ndani ya mifupa, ambayo haikuwa na jina hadi mwaka wa 2001, leo ni miongoni mwa vitu vinavyopimwa sana na watafiti wa maradhi ya mifupa, figo, kisukari na moyo. Protini hiyo huitwa sklerostini.

Kazi yake ni kuzuia. Sklerostini huziamuru seli zinazojenga mfupa zipunguze kasi. Ikikosekana mwilini, mifupa huongezeka unene bila kikomo. Ikizidi, ujenzi hudorora na mifupa huanza kupungua.

Kwa kuwa sehemu ya protini hiyo hupenya na kuingia katika damu, wataalamu wamekuwa wakitumaini kwamba kuipima kutawawezesha kujua hali ya mifupa ya mgonjwa bila kumpasua wala kumkata kipande cha mfupa. Tumaini hilo limetimia kwa sehemu tu, na sababu zake zinafaa kueleweka na yeyote anayekabidhiwa karatasi ya maabara yenye nambari asiyoijua maana.

Mfupa hujengwa na kubomolewa daima

Wengi huuona mfupa kama jiwe au mti mkavu. Ukweli ni kwamba mfupa ni kiungo hai ambacho hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli ziitwazo osteoklasti hula sehemu zilizochakaa, nazo osteoblasti hujaza mashimo yaliyoachwa kwa mfupa mpya.

Kundi la tatu ni osteosaiti, ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa wa mtu mzima. Hizi zimezikwa ndani kabisa ya mfupa na huwasiliana kupitia vijia vyembamba mno. Ndizo zinazohisi uzito unaobebwa na mfupa, na ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya sklerostini.

Mtu anapotembea, kulima au kubeba mzigo, osteosaiti hupunguza sklerostini, na wajenzi hupata nafasi ya kuimarisha mfupa. Anapolala kitandani kwa muda mrefu, sklerostini huongezeka na ujenzi hupungua. Hii ni sababu mojawapo ya mifupa ya mgonjwa aliyelazwa kwa miezi mingi kudhoofika.

Protini hiyo hufanya kazi kwa kujibandika kwenye vipokezi viwili, LRP5 na LRP6, vilivyo juu ya seli zinazojenga. Vipokezi hivyo vikizibwa, ujumbe unaojulikana na wanasayansi kwa jina la Wnt, ambao huziamuru seli hizo zijenge, haufiki.

Maradhi adimu yaliyofichua siri

Elimu hii haikuanzia maabara. Ilianzia kwa familia chache zilizoteseka kwa maradhi ya kurithi.

Nchini Afrika Kusini, miongoni mwa Makaburu ambao wengi wa mababu zao walitoka Uholanzi, kuna ugonjwa adimu uitwao sklerosteosisi. Watoto wenye ugonjwa huo mara nyingi huzaliwa vidole vikiwa vimeungana. Wanapokua, huwa warefu kuliko wenzao, taya na paji la uso hutokeza, na mifupa ya kichwa hunenepa.

Unene huo una gharama kubwa. Matundu ambamo neva hupitia hubanwa, na mgonjwa hupooza uso au kuwa kiziwi. Fuvu likizidi kunenepa kwa ndani, ubongo hukosa nafasi, na baadhi ya wagonjwa wamekufa ghafla kutokana na shinikizo hilo. Madaktari wa upasuaji hulazimika kukata sehemu ya fuvu ili kuupa ubongo nafasi.

Ugonjwa unaokaribiana na huo ulielezwa mwaka wa 1955 na daktari Mholanzi, Francis van Buchem, na ukapewa jina lake. Wagonjwa wengi wanaojulikana walitoka Urk, kijiji cha wavuvi cha Uholanzi ambacho zamani kilikuwa kisiwa. Maradhi haya mawili yanafanana, ila ule wa van Buchem si mkali sana na vidole haviungani.

Jambo moja liliwashangaza madaktari. Pamoja na mateso yote hayo, mifupa ya wagonjwa hao ilikuwa vigumu mno kuvunjika.

Mwaka wa 2001, makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Ubelgiji, yalitangaza kwamba yamepata jeni inayohusika katika kromosomu ya 17. Jeni hiyo iliitwa SOST, na protini yake ikaitwa sklerostini. Kwa wagonjwa wa Afrika Kusini, kosa lililo katika jeni hukatiza maagizo ya kutengeneza protini kabla hayajakamilika. Kwa wale wa ugonjwa wa van Buchem, jeni yenyewe ni nzima, lakini kipande cha takriban herufi 52,000 za DNA kilicho karibu nayo, ambacho huiwasha ndani ya mfupa, kimetoweka.

Baadaye damu ya familia hizo ilipopimwa, wagonjwa wa sklerosteosisi hawakuonekana kuwa na sklerostini yoyote. Jamaa zao waliorithi nakala moja tu ya jeni yenye kosa, ambao ni wazima wa afya, walikuwa na kiwango kilicho chini ya kawaida na mifupa mizito kiasi. Hapo nambari ya maabara iliafikiana kabisa na ukweli wa mwili.

Kutoka jeni hadi dawa

Ugunduzi huo ulizaa wazo jepesi kulieleza: kama kukosa sklerostini hufanya mifupa kuwa imara, basi kuizuia kwa muda huenda kukawafaa watu ambao mifupa yao imekuwa dhaifu, hasa wanawake waliokoma hedhi.

Dawa ya kwanza ya aina hiyo kuidhinishwa ni kingamwili iitwayo romosozumab, ambayo huinasa sklerostini na kuizuia isifanye kazi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2016 na kuhusisha wanawake 7,180, waliodungwa dawa hiyo kwa miezi 12 walipungukiwa na hatari ya kuvunjika pingili za uti wa mgongo kwa asilimia 73, wakilinganishwa na waliodungwa sindano isiyo na dawa.

Jaribio jingine lililochapishwa mwaka wa 2017, la wanawake 4,093, lilithibitisha manufaa hayo lakini likazua wasiwasi. Katika mwaka wa kwanza, asilimia 2.5 ya waliopewa dawa hiyo walipatwa na matatizo makubwa ya moyo na mishipa ya damu, ikilinganishwa na asilimia 1.9 ya waliopewa dawa ya zamani, alendronate.

Marekani iliidhinisha romosozumab mnamo Aprili 2019 kwa masharti. Hudungwa mara moja kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 12, na hairuhusiwi kwa mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi katika mwaka uliotangulia.

Hivyo, umuhimu wa sklerostini kwa mifupa hauna ubishi tena. Swali lililobaki ni iwapo kuipima katika damu ya mgonjwa wa kawaida kunaweza kumwambia daktari jambo la kutegemewa.

Dalili ya mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika tiba, kitu kinachopimwa mwilini ili kuonyesha ugonjwa uliopo au unaokuja huitwa kiashiria cha kibayolojia. Sukari katika damu ni kiashiria cha kisukari, na kreatinini ni kiashiria cha kazi ya figo.

Kiashiria kizuri sharti kitimize mambo kadhaa. Kipimwe mahali popote na kutoa jibu lilelile. Kitenganishe mgonjwa na mzima. Kieleze jambo ambalo daktari hakulijua tayari kwa njia rahisi zaidi. Zaidi ya yote, jibu lake libadilishe matibabu kwa manufaa ya mgonjwa. Si kila wingu hunyesha, na sklerostini imekwama katika karibu kila mojawapo ya masharti hayo.

Jinsi inavyopimwa

Njia inayotumiwa sana huitwa Elisa. Fundi wa maabara hutumia kibao cha plastiki chenye vishimo vidogo 96. Chini ya kila kishimo hubandikwa kingamwili zinazoinasa sklerostini. Damu iliyotengwa chembechembe zake hutiwa humo, kisha kibao huoshwa ili kuondoa kila kisichonaswa.

Baadaye hutiwa kingamwili ya pili, ambayo huishika protini hiyo upande mwingine na hubeba kitu cha kuleta rangi. Rangi ikikolea, sklerostini ni nyingi. Ikififia, ni kidogo. Mashine husoma ukolevu huo na kuulinganisha na vishimo vilivyowekwa kiasi kinachojulikana, ndipo nambari hupatikana.

Utaratibu huo ni wa kawaida katika maabara za utafiti duniani kote. Tatizo ni kwamba vifaa vyake huuzwa na makampuni mbalimbali, na kila kampuni hutumia kingamwili zake. Baadhi hushika protini nzima pekee. Nyingine hushika hata vipande vyake vilivyokatika, ambavyo huenda havina kazi yoyote tena mwilini.

Aidha, vipimo vya kulinganishia havifanani. Hakuna kiwango kimoja cha kimataifa ambacho kila mtengenezaji analazimika kukifuata. Matokeo yake ni kwamba damu ya mtu mmoja, iliyotolewa siku moja, inaweza kutoa nambari zilizoachana mno ikipimwa kwa vifaa viwili tofauti.

Hata uandishi wa nambari huchanganya. Maabara moja hutoa jibu kwa nanogramu katika mililita, nyingine kwa pikomoli katika lita. Nanogramu 1 kwa mililita ni sawa na takriban pikomoli 44 kwa lita. Msomaji asiyetazama kipimo kilichoandikwa kando ya nambari anaweza kudhani mgonjwa mmoja amempita mwenzake mara 40, ilhali wako sawa.

Jambo jingine ni chupa ambayo damu hutiwa. Damu iliyoachwa igande hutoa seramu, na iliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda hutoa plazma. Katika vifaa kadhaa, kiwango cha sklerostini katika plazma huwa juu kuliko katika seramu. Dawa ya heparini ni tatizo la pekee, kwani sklerostini yenyewe hujishikiza nayo. Utafiti uliotumia aina moja ya chupa hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na uliotumia nyingine.

Mnamo 2018 watafiti wa figo walilinganisha vifaa vya makampuni mbalimbali kwa damu ya watu walewale. Walihitimisha kwamba aina ya kifaa huathiri hata yale ambayo sayansi ilidhani imekwisha kuyajua kuhusu sklerostini na ugonjwa sugu wa figo.

Mambo yanayopandisha na kushusha

Tuseme tatizo la vifaa limetatuliwa. Bado kiwango cha sklerostini hubadilika kwa sababu nyingi.

Kwa kawaida wanaume huwa nayo zaidi kuliko wanawake, na kiwango hupanda kadiri umri unavyosonga. Huwa juu kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, kwa wenye ugonjwa wa figo na kwa wasioweza kusimama au kutembea. Homoni ya estrojeni huishusha, na vivyo hivyo homoni ya parathiroidi, inayodhibiti madini ya kalsiamu.

Lililo gumu zaidi kulieleza ni kwamba tafiti nyingi zimeona kuwa watu wenye sklerostini nyingi katika damu ndio wenye mifupa mizito. Kwa mtu aliyefahamishwa kwamba protini hiyo huzuia ujenzi, jambo hilo huonekana kupingana na akili.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba mfupa mkubwa una osteosaiti nyingi, na osteosaiti nyingi humwaga sklerostini zaidi katika damu. Kwa maneno mengine, nambari inaweza kuwa inahesabu wafanyakazi waliopo badala ya kuonyesha ukali wa amri zao. Mambo hayo mawili yamechanganyika katika tone moja la damu, na kipimo hakiwezi kuyatenganisha.

Majibu yanayopingana

Mkanganyiko huo ulidhihirika tafiti zilipouliza swali linalowahusu wagonjwa moja kwa moja: je, mwenye sklerostini nyingi ana hatari zaidi ya kuvunjika mfupa?

Mwaka wa 2012, utafiti wa wanawake wazee wa Marekani ulijibu kwamba ndiyo, wenye kiwango cha juu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika nyonga. Mwaka huohuo, utafiti wa Saudi Arabia uliofanywa kwa wanawake waliokoma hedhi ulifikia jibu kama hilo.

Mwaka wa 2013, utafiti wa wanawake wa Ufaransa haukuona uhusiano wowote. Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa Ufaransa, wa wanaume wazee, uliona kinyume chake: wenye kiwango cha juu ndio walioumia kidogo zaidi.

Tafiti hizo zilifanywa na wataalamu wanaoheshimika, na hapana sababu ya kushuku uaminifu wao. Walipima watu tofauti, wa jinsia tofauti, kwa vifaa visivyokubaliana, wakakipa kila kipimo jina lilelile la sklerostini.

Wagonjwa wa figo

Pengine hakuna mahali ambapo kipimo hiki kimetarajiwa kwa hamu kuliko katika maradhi ya figo. Figo zikishindwa kufanya kazi, uwiano wa kalsiamu, fosforasi na vitamini D huvurugika. Mifupa hudhoofika, na wakati huohuo chokaa hujikusanya katika mishipa ya damu. Wagonjwa wanaosafishwa damu huvunjika mifupa na kuugua moyo kuliko watu wengine.

Njia ya hakika ya kujua mfupa wa mgonjwa huyo unafanya nini ni kutoboa nyonga na kutoa kipande kidogo cha mfupa. Hiyo ni njia yenye maumivu na gharama, na wataalamu wa kusoma kipande hicho ni wachache. Kipimo cha damu kingekuwa faraja kubwa.

Kiwango cha sklerostini huongezeka figo zinapodhoofika. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba figo mbovu hushindwa kuitoa kwa mkojo. Hata hivyo, utafiti wa Austria wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa kiasi kinachotoka kwa mkojo huongezeka kadiri figo zinavyodhoofika. Yaelekea basi kwamba mwili wenyewe hutengeneza zaidi.

Kuhusu vifo, majibu yamepingana tena. Mwaka wa 2013, watafiti wa Ubelgiji waliona kwamba wagonjwa wa kusafishwa damu wenye sklerostini nyingi waliishi zaidi. Uholanzi iliunga mkono mwaka wa 2015. Katikati ya miaka hiyo, mwaka wa 2014, utafiti wa Brazil ulipata kwamba wenye kiwango cha juu ndio waliokufa zaidi.

Mgonjwa mmoja mwenye nambari moja angeweza kupewa matumaini katika nchi moja na kutiwa hofu katika nyingine.

Vipimo vinavyopendekezwa

Kwa sababu hizo, mashirika yanayotoa mwongozo wa tiba hayajaiingiza sklerostini katika vipimo vya kawaida. Kwa wagonjwa wa figo, shirika la kimataifa la KDIGO hupendekeza homoni ya parathiroidi au kimeng'enya cha alkalini fosfatasi kinachotoka kwa mifupa. Kwa wenye mifupa dhaifu, mashirika ya kimataifa yalipendekeza mwaka wa 2011 viashiria viwili vitumiwe kama msingi wa ulinganisho katika tafiti: P1NP, kinachoonyesha ujenzi, na CTX, kinachoonyesha ubomoaji. Uzito wa mifupa nao hupimwa kwa mashine ya eksirei iitwayo DXA.

Hii haimaanishi kwamba kupima sklerostini ni kupoteza wakati. Katika utafiti, hasa pale mtu mmoja anapopimwa mara kadhaa kwa kifaa kilekile na kwa aina ileile ya chupa, mabadiliko yake hueleza mengi kuhusu namna mifupa inavyoitikia dawa, mazoezi au kulazwa. Kwa familia zenye sklerosteosisi, kipimo hicho huafikiana na jeni bila utata.

Kwa mtafiti anayekusudia kukitumia, masharti ni machache lakini hayana msamaha. Ataje kampuni iliyotengeneza kifaa na kizazi chake. Aeleze kama alitumia seramu au plazma. Azingatie umri, jinsia, uzito wa mifupa na hali ya figo za kila mshiriki kabla ya kutoa hitimisho. Wala asilinganishe nambari zake na za utafiti mwingine uliotumia kifaa tofauti.

Kwa mgonjwa, ushauri ni mfupi zaidi. Anayetaka kujua hatari ya kuvunjika mifupa husaidiwa zaidi na umri wake, historia ya mivunjiko yake na ya wazazi wake, dawa anazotumia na picha ya DXA kuliko kiwango cha sklerostini. Nambari hiyo pekee, iwe juu au chini, si sababu ya kuanza dawa, na wala si sababu ya kuiacha.